Doa la Buluu: shajara ya majani ya chai, Tandika

3 Mei

Mradi huu umezaliwa na uzembe. Mama Salma ni mjamzito wa miezi mitano, kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu, na jana usiku kimoja kilimponyoka kikatumbukia kwenye kikombe changu cha chai ya rangi. Badala ya kukitoa nilikiacha, nione. Ganda lake lilipoyeyuka yakaanza kupanda mawingu meusi kutoka chini, na nilipokoroga mara moja kikombe kizima kikawa wino. Sisemi kwa mfano: nilichovya njiti ya kiberiti nikaandika "Salma" pembezoni mwa gazeti. Asubuhi jina lilikuwa limekolea kuliko usiku.

"Ndiyo maana nesi alisema nisimeze na chai," akasema mwenyewe, wala hakushtuka. Kumbe alishaambiwa ameze kwa maji au juisi ya machungwa, na chai ikae mbali na kidonge na mbali na chakula. Nilikuwa nimekaa naye palepale kwenye benchi la kliniki, sikusikia hata neno moja.

Mimi ni fundi wa simu na redio, kibanda changu kiko Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kemia niliisoma hadi kidato cha sita, mambo ya ada yakaifanya iishie hapo. Lakini weusi ule niliutambua. Chuma kikikutana na polifenoli, kundi la kemikali zilizomo kwenye mimea kama chai, huungana nazo na kutoa rangi nzito. Wino wa zamani wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu ulipikwa hivyohivyo, kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti wa mwaloni. Na mwungano huohuo ukitokea tumboni, chuma kinashikwa na mwili haukipati kirahisi.

4 Mei

Jumapili nzima nimesoma kwenye simu hadi betri ikaisha mara mbili.

Kati ya polifenoli za chai, ninayemtafuta anaitwa epigalokatekini galeti. Wataalamu wenyewe huandika EGCG tu, nami nitawafuata. Ni mmoja wa ndugu wanne wakubwa wa ukoo wa katekini walio kwenye jani la chai, na ndiye mwenye wingi kuliko wenzake. Ukichukua chipukizi na majani mawili ya juu, yaani kile hasa kinachochumwa, ukakikausha kikiwa bado salama, katekini zinaweza kufika asilimia 20 hadi 30 ya uzito, na EGCG peke yake mara nyingi hubeba nusu au zaidi ya hapo. Fomula yake ni C22H18O11. Galeti ni kama mkia aliofungwa mgongoni, na mkia huo utanisaidia mbele ya safari.

Katekini ya chai ya kijani ilitengwa kwa mara ya kwanza na mwanamke wa Kijapani, Michiyo Tsujimura, mwaka 1929. Miaka mitatu baadaye akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata udaktari wa kilimo. Ameingia kwenye shajara kwa sababu Salma ana miaka tisa na anaamini kemia ni kazi ya baba.

Nikosoe pia jambo ambalo nimelisema miaka mingi kwenye vijiwe: chai haina "asidi ya taniki". Ina tanini, zile polifenoli zinazokausha ulimi, ndiyo, lakini za aina nyingine, na katekini ndizo mzizi wake.

Swali la mradi: katika chai tunayokunywa hapa Dar, EGCG imebaki? Mashine ya kujibu swali hilo ipo, inatenganisha kila kitu na kukisoma kwa mwanga wa nanomita 278, na bei yake ni ya nyumba. Mimi nina vidonge vya chuma, siki, na simu.

10 Mei

Jaribio la kwanza. Vikombe vitano, kila kimoja gramu mbili za majani na mililita 200 za maji ya moto, dakika tatu. Majani meusi ya dukani ya aina tatu, chai ya kijani ya pakiti kutoka supamaketi, na cha tano ni chai ya Mama Zuhura anayeuza pale kona, niliyoinunua shilingi mia tano pamoja na kitumbua.

Nilisaga kidonge kimoja, nikagawa unga wake vikombe vitano. Vyote vikawa vyeusi.

Nilipiga picha, nikajaribu kusoma ung'avu wa rangi kwa programu ya simu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa najidanganya kwa namba. Chuma hakichagui. Kinashika katekini, kinashika na zile polifenoli kubwa zilizozaliwa na katekini baada ya jani kusindikwa. Kibaya zaidi, nilichemsha karafuu tupu kwenye maji, bila jani hata moja la chai, nikatia unga wa kidonge. Ikawa nyeusi vilevile. Chai ya Mama Zuhura ina karafuu, iliki, mdalasini na tangawizi, kwa hiyo kikombe chake hakikuniambia chochote kuhusu chai.

Kitumbua kilikuwa kizuri.

14 Mei

Suluhisho lilikuwa kwenye rafu ya kazini kwangu siku zote. Feri kloraidi! Ule unga wa manjano ya kahawia tunaouyeyusha ili ule shaba kwenye bodi za sakiti. Ukiuzimua hadi maji yawe ya njano hafifu kama chai ya mgonjwa, unakuwa kipimo cha fenoli, familia ambamo polifenoli zimo, na hapa ndipo raha ilipo: rangi zinatofautiana. Pale ambapo kwenye pete ya molekuli pana hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana) mbili jirani, rangi huelekea kijani. Zikiwa tatu zimepangana, kama kwenye mkia wa galeti, rangi huwa buluu. EGCG ina tatu mahali pawili, kwenye mwili wake na kwenye mkia. Natakiwa kuona buluu.

Ila kwanza nizitenganishe. Wakemia wa chai wa katikati ya karne iliyopita hawakuwa na mashine za leo, walitumia karatasi. Unadondosha tone la chai karibu na ncha ya chini ya karatasi, unaining'iniza ncha hiyo iguse kimiminika, na kimiminika kikipanda kinabeba vitu kwa kasi tofauti. Kimojawapo cha vimiminika vyao kilikuwa asidi asetiki ya asilimia 2. Asidi asetiki ndiyo siki. Chupa yangu imeandikwa asilimia 5, kwa hiyo sehemu mbili za siki kwa tatu za maji, basi.

Karatasi: vichujio vya kahawa, vyeupe, nimekata vipande vya upana wa vidole viwili. Chombo: chupa tupu ya jemu. Mstari wa chini nauchora kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nao hupanda. Hilo nimelijua baada ya kuharibu vipande vitatu.

Tahadhari kwa atakayeiga: feri kloraidi haitoki kwenye nguo. Shati la kijivu nimelistaafisha.

17 Mei

Majani mabichi yamefika. Shemeji yangu, kaka yake Mama Salma, ana shamba dogo la chai karibu na Tukuyu. Nilimwomba kilo moja, akachuma asubuhi, akashindilia kwenye mfuko wa plastiki, akampa kondakta wa basi la Dar. Nilifika stendi ya Magufuli kule Mbezi saa nne usiku, mvua inanyesha, nikalipa mzigo, nikafungua mfuko palepale chini ya taa.

Yalikuwa ya moto. Nimeingiza mkono nikautoa. Rangi ya shaba, harufu tamu kama tufaha lililoiva. Yaani basi lilinifanyia kazi ya kiwanda bila malipo.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya jani bichi, katekini na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachoziharibu vinaishi vyumba tofauti. Jani likisagika au kubanwa, kuta zinapasuka, vinakutana na oksijeni iko palepale, na katekini zinaanza kuungana mbili mbili na zaidi. Zinazaliwa theaflavini, zenye wekundu wa dhahabu, na tearubigini, zile nzito za kahawia. Kwenye viwanda vyetu vya Mufindi, Njombe na Rungwe hilo ndilo linalotafutwa: jani linasagwa, linachanwa na kukunjwa kwa mashine, linaachwa likolee, kisha linakaushwa kwa joto. Watu huita hatua hiyo kuchachusha ingawa hakuna hamira wala bakteria anayehusika, ni kimeng'enya cha jani lenyewe tu. Chai ya kijani ni jani lilelile ila kimeng'enya kimeuawa mapema. Wajapani hukiua kwa mvuke, Wachina kwa kukaanga kwenye karai.

Kwa hiyo tofauti ya chai nyeusi na ya kijani si mti. Ni nani aliyewahi.

Hata hivyo nimeyakausha. Chai haikuwa mbaya, ina uchungu wa kitoto fulani. Mama Salma amekunywa nusu kikombe, saa tatu mbali na kidonge, ananitazama kwa jicho la pembeni.

18 Mei

Nimempigia shemeji. Maelekezo kwa simu, mtandao unakatika: chuma majani, na kabla hujala wala kuongea na mtu, weka chujio la chuma juu ya sufuria linalotokota, tandaza majani kidogo, funika, hesabu dakika mbili, toa, pepea yapoe upesi, kisha kausha.

"Kausha wapi, shemeji? Huku jua tuliliona mwezi wa pili."

Ni kweli. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mimi nimekaa Tandika namwagiza mtu jua. Tumekubaliana ataning'iniza ungo juu ya jiko.

24 Mei

Wakati nasubiri, nimepitisha chai za dukani kwenye karatasi. Tone la chai nzito, nakausha kwa feni, tone jingine palepale, mara sita. Dakika 40 ndani ya chupa ya jemu. Nakausha, nanyunyiza feri kwa kichupa cha manukato kilichoisha.

Nyeusi zote tatu: mkia wa kahawia-kijivu kuanzia mstari wa penseli kwenda juu, kama moshi. Tearubigini ni kubwa mno, hazisafiri, zinajiburuta. Juu ya moshi huo kuna kivuli cha buluu hafifu kwenye aina moja tu, na sitaapa kwa hicho.

Kijani ya pakiti: moshi mdogo, kisha doa. Buluu kweli, la duara, theluthi ya njia. Juu yake madoa mengine mawili mepesi, la juu kabisa linaelekea kijani.

Katekini zenye galeti huchelewa kwenye karatasi na zisizo na galeti hutangulia, kwa hiyo doa lile la chini ndipo EGCG ilipo. Haiko peke yake. Ndugu yake ECG naye ana mkia wa galeti na huenda wamekaa chumba kimoja. Karatasi ya kichujio cha kahawa haiwezi kuwatenga, na mimi siwezi kuidai zaidi ya hapo.

Nilimwamsha Salma saa tano usiku aone. Alisema ni zuri, akalala tena.

31 Mei

Maji. Jambo hili nilikuwa nalijua tangu utotoni bila kujua kwamba nalijua. Kila mtu wa Temeke anajua chai ya maji ya kisima inakuwa nyeusi tii na ina utando juu, na ya maji ya bomba inakuwa nyekundu safi. Tunasema "maji mazito" na tunaishia hapo.

Nimeteka ya aina tatu: ya bomba yanayotoka Ruvu, ya kisima cha nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ya chupa. Chai ya kijani ileile, gramu mbili, mililita 200. Vikombe sita, yaani kila maji vikombe viwili, kimoja nimekikamulia nusu ya ndimu.

Mwanzoni vyote vya njano. Baada ya saa moja cha kisima bila ndimu kimekuwa rangi ya kutu. Baada ya saa nne ungeapa ni chai nyeusi. Kikombe pacha chake chenye ndimu kiko palepale, njano hafifu kama kilivyoanza.

Maji ya kisima yana bikaboneti. Ukiyachemsha, hewa ya ukaa inatoka na maji yanasogea upande wa alkali. EGCG inastahimili kwenye asidi, ila ikivuka pH 7, mpaka wa asidi na alkali, kwenda juu huanza kuharibika, na oksijeni inamalizia. Haihitaji tena hata kimeng'enya. Karatasi zimesema hivyohivyo: kisima cha saa nne, doa la buluu limebaki kivuli. Kisima na ndimu, doa limesimama.

Namkumbuka marehemu bibi, Zaramo wa Kisarawe, aliyekuwa akikamua ndimu kwenye birika na kusema inasafisha chai. Sisi wajukuu tulidhani ni ladha tu. Kwenye chai nyeusi ndimu inafanya jambo la karibu na hilo: tearubigini zikipata asidi hupauka, ndiyo maana kikombe kinang'aa mbele ya macho yako.

7 Juni

Maziwa, kwa ufupi. Protini ya maziwa, kaseini, hushikana na katekini. Karatasi ya chai ya maziwa ilikuwa tope lisilosomeka. Nimeacha.

11 Juni

Mteja wa kila siku, dada mmoja anayeuza nguo ghorofa ya pili, ameona chupa zangu za jemu na kuniletea kopo la vidonge vya kupunguza uzito, "dondoo ya chai ya kijani". Kwenye kibandiko EGCG imeandikwa kwa miligramu. Nilifungua kapsuli moja, nikaiyeyusha, nikaipandisha. Doa kubwa kama sarafu, buluu ya usiku, limefurika hadi pembeni mwa karatasi.

Alifurahi, akadhani amefaulu mtihani. Nilimweleza nilichosoma: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema mwaka 2018 kwamba EGCG ya kuongezea, ikifika miligramu 800 au zaidi kwa siku, inahusishwa na vimeng'enya vya ini kupanda kwenye damu, ilhali chai ya kawaida ya kunywa kikombeni waliiona salama kwa jumla. Akauliza yeye anameza ngapi. Tukahesabu pamoja kwenye kikokotoo cha simu yake iliyokuja kutengenezwa. Kopo limerudi mkobani, na namba imeandikwa nyuma ya risiti aende nayo kwa daktari. Simu nilimtengenezea, ilikuwa tundu la chaji tu.

21 Juni

Mzigo wa pili kutoka Tukuyu. Bahasha ya khaki, nyepesi, inachakacha. Nimefungua kwa hofu. Kijani! Kijani iliyofifia, yenye vumbi, lakini kijani. Harufu ni ya samaki wa kubanikwa. Ungo ulikaa juu ya kuni siku mbili.

Karatasi ya 17: moshi kidogo sana mstarini. Doa la buluu, theluthi ya njia, zito kuliko la pakiti ya supamaketi kwa macho yangu. La supamaketi nilitia maji uzito uleule na muda uleule, lakini halijulikani lilikaa rafuni miaka mingapi, na tena chai zetu nyingi ni za ukoo wa Assam wenye majani makubwa, unaosifika kwa polifenoli nyingi. Kwa hiyo sijivuni. Nimerudia mara nne. Nne zote buluu.

Nimemtumia shemeji picha. Amejibu: "Hiyo ndiyo ulikuwa unatafuta? Kidoa?"

28 Juni

Nimempelekea Mama Zuhura karatasi mbili, yake na ya Tukuyu. Nilitegemea mazungumzo marefu na nikayapata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo, fundi. Kwa hiyo umekuja kuniambia chai yangu mbovu?"

Nikamwambia hapana. Rangi anayouza ndiyo zile katekini zenyewe zilizoshikana mikono kiwandani. Wekundu ule, ule ukali kidogo kwenye ulimi, vyote ni watoto wao. Ila huyu wa buluu kwenye chai iliyochemka tangu alfajiri juu ya mkaa, kwa maji ya kisima, nimemtafuta sikumwona. Nikamwonyesha moshi wa kahawia. Akaishika karatasi kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa.

"Na hii nyingine?"

"Ya shemeji yangu, Tukuyu. Haikuchachushwa."

Nilikuwa nimembebea kidogo kwenye chupa ya chai, kwa maji ya bomba yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, na ndimu. Alionja, akakunja uso, akaonja tena.

"Chungu. Halafu inanuka dagaa."

"Ni moshi wa kuni, mama. Safari ijayo atatumia mkaa."

"Mwambie alete kilo mbili," akasema, akainamia vitumbua vyake. "Kuna wadada hapa kila siku wananiuliza kama nina ya kijani. Lakini ya dagaa asilete."